Mali bila Daftari: Ujasiriamali na Mwanafunzi wa Uzamili wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huchukuliwa kuwa wasia kwa mwenye duka: aandike alichouza na alichokopesha, asije akaamka siku moja akakuta rafu ni tupu wala hajui bidhaa zilikokwenda. Katika makala haya ninanuia kuielekeza kwetu sisi wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili pamoja na wahadhiri wetu. Mali tunayo, nayo ni umilisi wa lugha inayotumika sokoni, bungeni, mahakamani na redioni katika kanda nzima ya Afrika Mashariki. Tulichokosa ni daftari. Hatufunzwi kuchunguza ni nani anayehitaji maarifa yetu, anayahitaji kwa kazi gani, na yanaweza kumfaa vipi. Ndipo mwanafunzi anapohitimu akiwa na tasnifu nzuri mkononi, kisha akaketi kusubiri tangazo la Tume ya Kuajiri Walimu au vipindi vya muda katika chuo fulani, kana kwamba hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Dai langu ni kwamba idara za Kiswahili ziwafunze wanafunzi wa uzamili utafiti wa ujasiriamali na stadi za kutoa ushauri elekezi wakiwa timu. Sidai hivyo kwa sababu ya njaa peke yake, ingawa njaa ipo. Nadai hivyo kwa sababu utafiti wa ujasiriamali nchini Kenya unaitegemea lugha kuliko unavyokiri. Na pale ambapo mtaalamu wa lugha hakuitwa, makosa huandikwa yakaitwa matokeo. Kwa hivyo hatuendi kuomba hifadhi katika nyumba ya wenzetu wa biashara. Tunakwenda kufanya kazi ambayo bila sisi haifanyiki ipasavyo.

Istilahi zenyewe zahitaji kufafanuliwa. Ujasiriamali, kama umbo la neno linavyoonyesha, ni ujasiri wa kutafuta mali: mtu kuthubutu kuanzisha shughuli asiyojua mwisho wake na kuubeba mzigo wa hasara ikitokea. Utafiti wa ujasiriamali huchunguza jinsi watu wanavyoanzisha shughuli hizo, wanavyoziendesha, wanavyozikuza na kwa nini nyingine hufa. Ushauri elekezi nao ni kazi ambapo mtaalamu hualikwa na shirika au mtu binafsi kuchunguza tatizo fulani na kupendekeza suluhisho, kwa malipo, kwa muda uliowekwa na kwa kufuata hadidu za rejea.

Kiswahili na Biashara ni Ndugu wa Damu

Wapo watakaosema kuwa biashara si uwanja wetu. Hao wanasahau historia ya lugha tunayoisomea. Msamiati wa biashara katika Kiswahili ulikuja na majahazi: faida, hasara, bei, rehani na dalali kutoka Kiarabu, duka, bima, hundi na laki kutoka lugha za Bara Hindi. Kiswahili kilienea kutoka pwani hadi Kongo kikiwa kimebebwa, pamoja na mengine, na misafara ya wafanyabiashara. Lugha hii haikusubiri kamati ndipo ijue kuhesabu fedha.

Hata katika taaluma ya leo, Kiswahili kimekwisha kuchangia. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipotoa ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya mnamo 1972, wasomi wa ulimwengu walianza kuitazama kwa makini sekta isiyo rasmi. Baadaye jina la sekta hiyo katika vitabu vingi vya Kiingereza kuhusu Kenya likawa la Kiswahili: jua kali. Watafiti walilichukua neno letu. Swali ni kwa nini hawakutuchukua na sisi.

Hojaji Inapopotoka

Chukua mfano wa mwanamke anayeuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Mtafiti anafika na hojaji iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa kuwa mama huyu anazungumza Kiswahili, msaidizi wa mtafiti anatafsiri papo hapo, amesimama, huku wateja wakipita. Anamuuliza: "Je, unaweka rekodi za biashara?" Mama anajibu kuwa haweki. Jibu linaandikwa, na baadaye litajumlishwa na mengine kuthibitisha kwamba wafanyabiashara wadogo hawaweki kumbukumbu. Lakini huenda chini ya meza yake pana daftari lenye majina ya waliomkopa, na katika simu yake zimo jumbe za M-Pesa za miezi mingi. Laiti angeulizwa, "Mtu akichukua nguo bila kulipa, unakumbukaje deni lake?", angelitoa daftari akalionyesha.

Swali la pili: "Umeajiri watu wangapi?" Mama anasema hajaajiri mtu. Kwake kuajiri ni barua na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mpwa wake anayefungua mabeli alfajiri na kula chakula cha mchana hapo hapo hahesabiki. Swali la tatu ni la faida. Mama anatoa bei aliyonunulia beli katika jumla ya mauzo, na kinachobaki anakiita faida. Kodi ya kibanda, nauli, jasho lake mwenyewe na la mpwa wake havimo. Mwanauchumi aliyeketi ofisini anaisoma tarakimu hiyo akidhani ni faida kwa maana ya vitabuni. Wote wawili wametumia neno moja, na hakuna aliyesema uongo. Ila hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja.

Soko lina istilahi zake pia. Pale Gikomba nguo teule za kwanza kutoka kwenye beli huitwa kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia. Mtafiti asiyezijua tofauti hizi hawezi kueleza kwa nini wauzaji wawili walionunua mabeli yanayofanana hupata mapato tofauti. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefunzwa leksikografia na isimujamii anayo macho ya kuyaona mambo haya. Alichonyimwa ni nafasi tu.

Msimulizi na Hadhira Yake

Sisi wa fasihi tuna mchango mwingine. Katika kozi za fasihi simulizi tumefunzwa kwamba fanani huisawiri kazi yake kulingana na hadhira. Hadithi anayowasimulia wajukuu jioni siyo atakayoisema mbele ya mgeni mwenye kinasasauti. Mfanyabiashara anayehojiwa ni fanani pia. Anapomwona mtu mwenye mkoba na karatasi, hujiuliza: huyu ametoka Mamlaka ya Ushuru, ametoka kaunti, au amekuja kugawa mikopo? Akidhani ni mtoza ushuru, biashara itakuwa ndogo na mbovu. Akidhani ni mgawa mikopo, biashara hiyo hiyo itakuwa kubwa yenye kutia matumaini. Msomi wa fasihi simulizi hashangazwi na hili. Amezoea kuuliza ni nani anayesimulia, kwa nani, na kwa nia gani, kabla ya kuyapokea yaliyosemwa.

Isitoshe, ripoti ya ushauri elekezi yenyewe ni masimulizi. Lazima iseme palikuwa na hali gani, tatizo likaingiaje, na nini kifanywe. Anayejua kusoma riwaya kwa makini, akatambua pale mwandishi aliporuka hatua au alipomlazimisha mhusika kutenda jambo asiloweza kulitenda, ataitambua vilevile ripoti ambayo mapendekezo yake hayatokani na ushahidi wake.

Asilimia Ile Ile, Deni Tofauti

Huenda mtu akasema kuwa kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kutafsiri tu, na kwamba hahitaji kujua undani wa biashara. Hebu tuitazame fomu ya mkopo. Mkopo ni shilingi 100,000, muda ni mwaka mmoja, malipo ni ya kila mwezi, riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Ikiwa riba inahesabiwa kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, mkopaji atalipa riba ya shilingi 12,000. Ikiwa inahesabiwa kwa salio linalopungua kila anapolipa, kwa malipo ya kiasi sawa kila mwezi, riba itakuwa takriban shilingi 6,600. Mfasiri asiyeijua tofauti hii ataandika "riba ya asilimia 12" katika fomu zote mbili, na Kiswahili chake kitakuwa sanifu kabisa. Sarufi haitamwokoa mkopaji.

Jambo hili si dogo. Tangu Hazina ya Ustawi wa Biashara za Vijana ianzishwe mnamo 2006, ya wanawake mnamo 2007, Hazina ya Uwezo mnamo 2013 na ile inayojulikana kama Hazina ya Hasla mnamo 2022, serikali imekuwa ikiwahimiza Wakenya wa kawaida kukopa ili wajiajiri. Benki, vyama vya akiba na mikopo na kampuni za mikopo ya simu nazo zimo mbioni. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Mtu aliyetia sahihi mkataba asiouelewa hajaionja haki hiyo. Kati ya kifungu cha 7 na kifungu cha 46 pana kazi nyingi ya lugha ambayo haijafanywa, na ni kazi halali, yenye heshima na yenye malipo.

Kwa Nini Timu?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, mfumo wetu wa uzamili umejengwa juu ya kidole kimoja. Mwanafunzi huandika pendekezo peke yake, hukusanya data peke yake na huitetea tasnifu peke yake. Hilo lina manufaa yake, kwani humfunza kusimama kwa miguu yake. Lakini kazi kubwa za Kiswahili hazikufanywa hivyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mnamo 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ni matunda ya jopo. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha chuo hicho hicho, ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mnamo 2004, ulihitaji watu wa lugha na watu wa kompyuta.

Kufanya kazi kwa timu hakuji kwenyewe kwa sababu tu watu wanapendana. Ni stadi inayofunzwa. Tuseme wanafunzi watano wamegawana kutafsiri katiba ya chama cha ushirika. Katika ukurasa wa tatu, mdhamini ni mtu atakayelipa iwapo mkopaji atashindwa. Katika ukurasa wa tisa, uliotafsiriwa na mwenzake, mdhamini ni mjumbe wa bodi inayotunza mali ya chama. Mwanachama atakayeusoma waraka huo atadhani wajumbe wa bodi ndio watakaomlipia deni. Kosa hilo haliwezi kulaumiwa mfasiri yeyote mmoja, kwani kila mmoja alitumia neno lililomo kamusini. Ni kosa la timu iliyoanza kazi bila kukubaliana kuhusu orodha ya istilahi na bila kumteua mhariri mmoja wa kuusoma waraka wote.

Kisha kuna suala la tabia. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert alituonyesha jinsi husuda inavyoweza kuingia hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Sembuse wanafunzi waliokutana darasani! Kila kikundi cha masomo kina kupe wake, anayetokea siku ya kuwasilisha kazi akiwa amevaa vizuri kuliko wote. Dawa yake si manung'uniko ya pembeni. Ni makubaliano yaliyoandikwa tangu siku ya kwanza: nani atafanya nini, lini, na asipofanya itakuwaje.

Pingamizi Zinazostahili Kujibiwa

Pingamizi nzito zaidi ninayoijua imetoka kwa msomi wa Uganda, Mahmood Mamdani, aliyeanza kuiongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere mnamo 2010. Mamdani ameukosoa kwa ukali utamaduni wa ushauri elekezi katika vyuo vikuu vya Afrika. Kwa muhtasari, anasema kuwa mshauri hupewa swali na mteja, naye kazi yake ni kulitafutia jibu. Ilhali utafiti wa kweli huanza kwa kuliunda swali lenyewe. Chuo kinachojibu maswali ya wengine tu hupoteza uwezo wa kuuliza ya kwake.

Naikubali hoja hii, na ndiyo sababu nataka stadi hizi zifunzwe darasani. Ushauri elekezi upo tayari. Wahadhiri wengi huufanya, na wanafunzi huajiriwa kwa siku chache kukusanya data bila kuambiwa inakwenda wapi. Kuufumbia macho hakuuondoi. Kinachohitajika ni kumfunza mwanafunzi kuzisoma hadidu za rejea kama anavyolisoma shairi gumu: ni nini kimesemwa, ni nini kimeachwa, na ni kwa manufaa ya nani. Chama cha mikopo kikisema, "Tutafsirieni fomu hii kwa sababu wanachama hawaielewi," timu iliyofunzwa vizuri itakwenda kwanza kwa wanachama. Huenda ikagundua kuwa maneno wanayaelewa, ila namna riba inavyohesabiwa haikuandikwa popote, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Hapo timu humrudia mteja na swali lililo bora kuliko lile alilolileta. Mwanafunzi anayeweza kufanya hivyo hajapoteza usomi wake. Ameutumia.

Pingamizi ya pili ni kwamba fasihi itamezwa na fedha. Sipendekezi mtu yeyote aache kusoma ushairi ili aandike mipango ya biashara. Napendekeza kozi moja, pembeni mwa zile zilizopo. Mshairi anayejua kuandaa mkataba wa uchapishaji na kuhesabu mrabaha wake hapungukiwi na ushairi.

Pingamizi ya tatu ni kuwa wahadhiri wetu hawakusomea biashara. Ni kweli, na wale wa biashara hawakusomea lugha. Basi na waifunze kozi hii kwa pamoja. Vyuo kama Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta vinatoa shahada za juu za ujasiriamali, na karibu kila chuo kikuu nchini kina kitivo cha biashara. Aghalabu umbali kati ya jengo lao na letu ni wa kutembea dakika chache.

Kozi Yenyewe Iweje?

Muhula wa kwanza uwe wa utafiti. Wanafunzi wa Kiswahili wachanganywe na wa biashara katika timu za watu watano. Waifasiri hojaji moja kwa Kiswahili, mwenzao ambaye hakuiona asili aifasiri tena kwa Kiingereza, kisha walinganishe matini hizo mbili ili waone maana ilipovuja. Waijaribu hojaji hiyo kwa wafanyabiashara wachache, kisha waiandike upya. Wafunzwe kuomba leseni ya utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na kuziheshimu siri za wahojiwa kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Daftari la madeni la mwenye kibanda ni siri yake, si pambo la kiambatisho cha tasnifu.

Muhula wa pili uwe wa ushauri elekezi. Kila timu itafute mteja mmoja wa karibu: chama cha akina mama, zahanati, duka la vitabu, ofisi ya wadi. Izungumze naye, iandike hadidu za rejea pamoja naye, ifanye kazi na iwasilishe ripoti kwa Kiswahili ambacho mteja ataisoma mwenyewe. Alama zitolewe kwa sehemu mbili, ya timu na ya mtu binafsi, na kila mmoja aandike kurasa mbili akieleza mchango wake na wa wenzake. Mteja naye aulizwe kama kazi imemfaa.

Aidha, wanafunzi wafunzwe kutaja bei. Hili ni donda la miaka mingi. Kwa kuwa kila Mkenya anadhani anakijua Kiswahili, anadhani pia kuwa kazi ya Kiswahili ni ya bure, au ya soda na ahsante. Nasi hatujui kujibu, kwa maana hatukufunzwa kukadiria saa za kutafsiri, za kuhariri na za kusahihisha, wala kudai malipo ya awali. Biashara haigombi, lakini haimzuii mwenye mali kusema bei yake. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa makampuni ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kwa mujibu wa Katiba kijana ni mtu ambaye hajatimiza miaka 35. Wengi wetu tumo humo. Tafsiri, uhariri na ukalimani ni huduma zinazoweza kuombewa zabuni kama inavyoombewa huduma nyingine yoyote. Ila zabuni haipewi mtu aliyekaa maktabani akilalamika kuwa Kiswahili hakithaminiwi.

Namalizia kwa ombi kwa pande mbili. Wahadhiri wetu, mnapokaa kupitia upya mtaala wa uzamili, tengeni nafasi ya kozi hii, hata ikianza kama ya hiari. Nasi wanafunzi tusingoje mtaala ubadilike. Chama chetu kinaweza kuunda timu moja mwaka huu, ikamtafuta mteja mmoja aliye jirani na lango la chuo, ikaifanya kazi moja vizuri na kuichapisha tajiriba yake katika jarida hili kwa manufaa ya watakaofuata. Yule mama wa mitumba anastahili kuulizwa maswali anayoyaelewa, na nchi inastahili kuyapata majibu yake jinsi alivyoyasema. Hiyo ni kazi yetu kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.